Tamko la Mafundi wa Mashine za Kilimo wa Kitale na Bungoma Kuhusu Namba ya Hataza kwenye Bidhaa

Sisi mafundi, wachomeleaji na wabunifu wa mashine za kilimo tunaofanya kazi Kitale na Bungoma tunatoa tamko hili kupitia chama chetu. Tunalielekeza kwa wanachama, kwa wenye maduka ya mashine na vipuri, kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI), kwa serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, na kwa wabunge wa maeneo yetu.

Msimamo wetu ni huu. Mwanachama aliye na cheti halali cha hataza, au patenti kama wengi wetu tunavyoiita, aandike namba ya cheti hicho kwenye kila mashine inayotoka katika karakana yake, na aiandike kwenye chuma. Vivyo hivyo kwa mwenye cheti cha modeli ya matumizi, ambacho ndicho kinachowafaa wengi wetu kwa kuwa hulinda maboresho madogo yaliyo mapya na yanayofaa kazi. Mwanachama asiye na cheti aondoe mara moja maneno yoyote yanayomfanya mnunuzi aamini kwamba anacho.

Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mwenye hataza kuweka alama kwenye bidhaa yake. Tunalisema mapema ili asitokee mtu wa kudai kwamba chama kimemtisha kwa sheria isiyokuwepo. Tunachokisema ni kwamba asiyeweka alama anajifungia mlango wa fidia kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inampa mwenye hataza njia mbili kuu za kujitetea. Ya kwanza ni amri ya zuio: anayetengeneza au kuuza bila idhini anaamriwa aache. Hapo sheria haiulizi mshtakiwa alijua nini. Akiwa anaitumia kazi iliyolindwa, atasimamishwa. Njia ya pili ni fidia, yaani pesa za hasara iliyokwisha kutokea, na hapa sheria inaongeza sharti zito. Fidia inadaiwa kwa mtu aliyetenda kosa hilo huku akijua kwamba hataza ipo. Maneno hayo machache ndiyo yaliyotufanya tuketi na kuandika tamko hili.

Tuchukue mfano. Fundi wa Kitale amebuni ngoma ya mashine ya kupukuchua mahindi, yenye meno yaliyopangwa kwa namna isiyovunja punje hata mahindi yakiwa hayajakauka vizuri. Ana cheti. Mkulima wa Kimilili anainunua mashine hiyo na kuipeleka nyumbani. Msimu wa pili beringi inakufa, naye anamwita fundi wa Kanduyi. Fundi huyu anaifungua, anaona jinsi meno yalivyopangwa, anapima kwa futi na kuchora kwa chaki sakafuni. Kabla ya mavuno yanayofuata anauza mashine za namna hiyo sokoni Chwele. Mwenye cheti anapata habari, anakwenda mbele ya Jopo la Mali ya Viwanda na kupata zuio. Anapoomba fidia ya mashine zote zilizouzwa, fundi wa Kanduyi anajibu kwamba kwake ile ilikuwa mashine ya kawaida, haikuandikwa kitu, na mashine za kupukuchua zimekuwako tangu enzi za baba zetu. Huenda anasema kweli. Hata kama hasemi kweli, ni nani atakayethibitisha?

Wakili hodari anaweza kujibu kwamba sajili ya hataza iko wazi kwa umma, na kwamba KIPI huchapisha Jarida la Mali ya Viwanda ambamo vyeti hutangazwa. Hoja hiyo ina nafasi yake. Sisi hatupendi kuitegemea, kwa sababu sheria imesema kujua, na tunaijua karakana ya jua kali: hakuna fundi anayesoma jarida la Nairobi kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Kibati chenye namba, kilichopigiliwa mahali ambapo lazima akione anayeifungua mashine, kinabadilisha mazungumzo. Anayekataa kwamba alijua sasa ana kazi ya kueleza alikipitaje. Hatusemi kwamba kibati peke yake kinashinda kesi, kwa sababu sheria yetu haijasema hivyo popote. Ni ushahidi, nao ni wa bei ndogo kuliko ushahidi mwingine wowote atakaoutafuta mwenye hataza baada ya kuibiwa.

Na ikiwa mwigaji ataking'oa kibati, au atapitisha grinda juu ya namba? Wanachama wengi huuliza hivyo, na wengine wameona ni sababu ya kutojisumbua. Sisi tunaona kinyume. Mtu aliyesaga namba ameisoma kwanza. Mashine yenye kovu la grinda mahali ambapo mashine nyingine za mtengenezaji huyo zina namba ni shahidi mbaya sana dhidi ya aliye nayo.

Nchi nyingine zimepita njia hii zamani. Marekani iliingiza alama ya hataza katika sheria yake mwaka 1842, na hadi leo mwenye hataza anayeuza bidhaa bila alama hawezi kudai fidia ya siku zilizotangulia kumjulisha mkiukaji. Uingereza haikufika umbali huo. Huko mkiukaji anayethibitisha kwamba hakujua, na hakuwa na sababu ya kudhani hataza ipo, anaepuka fidia. Sheria yao ya mwaka 1977 inaongeza kwamba kuandika tu kuwa bidhaa ina hataza hakutoshi kumfanya mtu ahesabiwe kuwa alijua. Lazima namba iwepo, au tangu mwaka 2014, anwani ya tovuti ambapo namba inapatikana. Tunaitaja Uingereza kwa sababu sheria yetu ina damu yake. Hadi Kenya ilipotunga Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989, hataza haikutolewa hapa. Ilitolewa London kisha ikasajiliwa upya Nairobi, na mtu wa Kitale aliyebuni jembe bora alipaswa kuanzia ng'ambo. Kwa hiyo mawakili wetu bado husoma hukumu za huko, na mwanachama anayeandika neno “patented” bila namba ajue kwamba anaandika kitu ambacho Waingereza wenyewe walikwisha kukikataa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo chama kina la kusema kuliko mawakili.

Karatasi ya kubandika haifai. Vumbi la mahindi, mvua ya Mlima Elgon na mafuta ya injini vitaimaliza kabla ya mavuno ya pili. Rangi nayo hufutika, au mnunuzi hupaka nyingine juu yake. Tunawaelekeza wanachama wagonge namba kwa herufi za chuma na nyundo, ama moja kwa moja kwenye fremu, ama kwenye kibati kilichofungwa kwa ribiti. Skrubu hufunguliwa na mtoto. Namba iandikwe kama ilivyo kwenye cheti, pamoja na herufi zake: cheti cha ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare, huanza na AP, na anayekiangalia atajua aulize wapi.

Mahali pa kuiweka ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Desturi yetu ni kuweka jina la karakana na namba ya simu mbele, mahali ambapo wateja wanaona. Sawa, iacheni hapo, ni biashara. Namba ya hataza iwekwe kwenye sehemu ile iliyobuniwa. Kama ubunifu ni ngoma, igongwe kwenye ubavu wa ngoma. Kama ni kisu cha mashine ya kukata majani ya ng'ombe, iwe kwenye gurudumu linaloshika visu. Anayeiga haigi kibati cha mbele. Anafungua ndani, na ndani ndiko anakopaswa kuikuta namba. Kuna faida nyingine pia: sehemu hiyo ikiuzwa peke yake kama kipuri, inakwenda na alama yake. Kama kipuri ni kidogo mno kugongwa, namba iandikwe kwenye mfuko wake na kwenye risiti. Nakala ya risiti itunzwe, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha alama ilianza lini.

Mwanachama aliyemruhusu fundi mwingine kutengeneza mashine yake, mathalani mtu wa Kitale aliyempa idhini mtu wa Webuye, aandike katika mapatano yao kwamba mashine zote zitagongwa namba. Mashine mia zenye namba na mashine hamsini zisizo nayo, zote halali, zikiwa katika soko moja, zinampa mwigaji jibu zuri kabisa: mimi niliona ile isiyoandikwa.

Kwa wale ambao mashine zao zimekwisha kusambaa bila alama, njia ipo. Mwandikie mwigaji barua. Itaje namba ya cheti na sehemu inayolindwa, iambatishwe nakala ya cheti, ipelekwe kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa. Tangu siku hiyo hawezi tena kusema hakujua. Pesa za fidia za nyuma huenda zimepotea, lakini za mbele zimeokolewa. Simu ya hasira haitoshi, wala kumfokea mtu mbele ya wateja wake.

Tunawaomba wanachama wawe waangalifu sana na barua hizo. Sheria yetu inamruhusu mtu anayetishiwa kesi ya hataza bila msingi kwenda mbele ya Jopo na kuomba vitisho hivyo vizuiwe, hata kudai fidia ya hasara aliyoipata kwa sababu ya vitisho. Mwenye cheti kilichokufa anayetishia wenzake anaweza kujikuta yeye ndiye anayelipa.

Na vyeti hufa. Hataza ya Kenya hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, lakini kwa sharti la kulipa ada ya kila mwaka. Cheti cha modeli ya matumizi hudumu miaka 10 na hakiongezwi. Mwanachama aliyeacha kulipa ada ana karatasi ya kutundika ukutani tu. Namba hiyo isigongwe tena kwenye mashine mpya. Aliyewasilisha ombi na bado hajapewa cheti anaruhusiwa kusema hivyo, kwa maneno ya kweli: ombi limewasilishwa, na namba ya ombi. Asiseme zaidi. Wale wanaopeleka mashine mpya kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale kabla ya kuwasilisha ombi wakumbuke kwamba sheria inawapa miezi 12 tu tangu siku walipoonyesha. Baada ya hapo upya wa kazi yao umekwisha, na hakuna kibati kitakachourudisha.

Kuhusu alama za uongo hatutakuwa na huruma. Huko Marekani jambo hili liliwahi kuwa kichekesho kikubwa: kampuni ya vikombe ya Solo ilishtakiwa kwa vifuniko zaidi ya bilioni 21 vilivyobeba namba za hataza zilizokwisha muda, na kwa kuwa faini ilihesabiwa kwa kila bidhaa, hesabu ilikuwa ya kutisha. Mahakama iliona mwaka 2010 kwamba kampuni haikukusudia kudanganya, na mwaka uliofuata bunge lao likabadilisha sheria iliyokuwa imewavuta watu wengi wenye tamaa ya faini hizo. Hapa kwetu hatuna vifuniko vya bilioni, ila tuna mashine za kukata majani zilizoandikwa “patented” na watu ambao hawajawahi kuwasilisha ombi lolote. Mkulima anayelipa zaidi kwa sababu ya neno hilo amedanganywa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Alama ya biashara iliyosajiliwa pia si hataza. Inalinda jina, hailindi namna mashine inavyofanya kazi.

Kuna wanachama watakaosema chama kimegeuka adui wa jua kali, kwa kuwa jua kali yote imejengwa kwa kuona na kuiga. Hoja hii ina uzito na hatuikwepi. Plau ya kuvutwa na ng'ombe, mashine ya kupukuchua ya ngoma na meno ya kawaida, jiko la bati lenye udongo ndani lililoenea Kenya nzima tangu miaka ya 1980: vyote hivi ni vya kila mtu, na kuvitengeneza si wizi. Kuiga kisicho na ulinzi ni haki, na sehemu kubwa ya kazi yetu, pengine karibu yote, ni ya namna hiyo. Ndiyo maana tunataka namba iwepo mahali inapostahili na isiwepo mahali isipostahili. Fundi kijana wa Bungoma akifungua mashine na kukuta namba, ajue aulize. Akikosa namba, aendelee na kazi yake bila hofu ya mtu kumjia miaka mitatu baadaye na bahasha ya wakili. Alama hii inamlinda anayeiga kwa nia njema kama inavyomlinda aliyebuni. Kwa maoni yetu, sheria ilipoweka sharti la kujua kabla ya fidia ilikuwa inamfikiria mtu huyo, na hatuombi sharti hilo lifutwe.

Mipaka nayo isisahaulike. Cheti kilichotolewa na KIPI kinaishia Suam, Lwakhakha na Malaba. Mashine inayotengenezwa Mbale na kuuzwa Mbale haikiuki chochote cha Kenya, hata kama namba yako imegongwa kwenye ile waliyoifungua wakaiiga. Ikivushwa na kuuzwa Bungoma, hapo kuna kesi. Anayetaka ulinzi pande zote mbili aombe kupitia ARIPO na ataje Uganda pamoja na Kenya, na ajiandae kwa gharama.

Gharama ndiyo inayotufanya tusisitize ushahidi rahisi. Kampuni ya hapa Kenya, Sanitam Services, ilipigana na Rentokil kuhusu hataza ya ARIPO ya pipa la sodo linalofunguliwa kwa mguu, na shauri lilifika Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu mwaka 2006. Hakuna mwanachama wetu anayeweza kwenda umbali huo. Tunahitaji madai yanayokwisha mapema, na madai hukwisha mapema pale ambapo jambo la kubishaniwa ni dogo.

Kwa KIPI, ombi letu ni moja na linawezekana. Wakulima wa hapa wamezoea kukwangua lebo kwenye pakiti ya mbegu, kutuma namba kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, na kujibiwa kama mbegu ni halali. KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, iliweza. Kitale ni mji wa mbegu, makao ya kampuni ya Kenya Seed tangu 1956, na hapa mtu hahitaji kufundishwa kwamba namba kwenye bidhaa ina maana. Tunataka namba ya hataza au modeli ya matumizi iulizwe kwa njia hiyo hiyo, na jibu liseme kama cheti kiko hai, kinalinda nini, na kinaisha lini. Bila hivyo, kibati kitakuwa kinamtuma fundi wa Chwele akaulize ofisini Nairobi, naye hataenda.

Kwa wabunge: Katiba ya 2010 inaitaka serikali iunge mkono, ikuze na kulinda haki za ubunifu za Wakenya. Tunapendekeza kifungu kifupi katika Sheria ya Mali ya Viwanda kitakachosema kwamba bidhaa iliyogongwa namba sahihi, mahali panapoonekana, itachukuliwa kuwa imemjulisha aliyeishika mpaka athibitishe vinginevyo. Tusiige sheria ya Marekani ya kumnyima fidia ya nyuma asiyeweka alama. Fundi aliyesahau kibati huku ana barua, mashahidi au ungamo la mwigaji asifungiwe mlango.

Kaunti zetu mbili zinanunua mashine kwa ajili ya vikundi vya wakulima. Zabuni zao ziwatake wauzaji waeleze kama mashine ina hataza, ni ya nani, na waonyeshe idhini. Tumechoka kuona kazi za wanachama zikirudi nyumbani kwa lori la zabuni, zikiwa na rangi mpya na jina la mtu mwingine.

Chama kitafungua daftari mbili, moja Kitale na moja Bungoma, ambamo mwanachama mwenye cheti ataandikisha namba, tarehe ya kuanza kuigonga, picha ya mahali ilipogongwa na tarehe ya ada ya mwaka iliyolipwa. Daftari zitakuwa wazi kwa fundi yeyote, mwanachama au la, atakayetaka kuuliza kabla ya kutengeneza. Wenye herufi za chuma wamekubali kuziazima kwa wasio nazo. Mzozo kati ya wanachama utasikilizwa kwanza na kamati, mbele ya mashine zote mbili zikiwa zimefunguliwa, na kamati haitamsindikiza mtu yeyote mbele ya Jopo kabla ya kuona risiti ya ada na namba kwenye chuma. Walioandika “patented” bila cheti wana muda hadi mkutano mkuu ujao kuifuta, na kwa kazi hiyo grinda inaruhusiwa.

Limetolewa kwa idhini ya kamati kuu na kutiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kwa niaba ya wanachama wa Kitale na Bungoma.